Neno Laini

3 Juni

Mpwa wangu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua yako ilinifikia siku arobaini na moja zilizopita, na mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na miwili kwamba barua isiyojibiwa ni mlango uliofungwa usoni mwa mgeni, nimeufunga mlango wangu. Nilikuwa na homa. Homa ilipoondoka, miwani yangu ikavunjika mkono, na fundi akakaa nayo. Simu umenipigia, nasikia, lakini unajua kwamba simu siitumii. Simu huwafanya watu waseme kabla ya kufikiri.

Umeniuliza jambo moja: neno la Kiingereza "search" lina maana gani, na asili yake ni nini. Umesema kwamba kiwanda cha nguo kimekufukuza kazi kwa ajili ya neno hilo, nawe umekishtaki mbele ya baraza la usuluhishi wa kazi, litakalokaa tarehe 9 Julai. Umeniomba nije kuwaeleza wajumbe, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesomea lugha.

Nitakujibu kwa karatasi. Neno hilo Waingereza hawakulizaa. Walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambako mzizi wake ni mduara. Kwa watu hao wa kale kutafuta kulikuwa ni kuzunguka. Mtu amepotelewa na mbuzi. Anazunguka zizi, anazunguka kisima, anarudi alipoanzia. Katika mzizi huo hamna mkono wala nguo ya mtu. Mna miguu tu.

Baadaye neno likapanuka. Leo Mwingereza hulitumia kwa mtu anayetafuta ufunguo, kwa askari anayegeuza magodoro, na kwa mlinzi anayempapasa msafiri. Sisi tuna neno kwa kila kazi: tunatafuta, tunasaka, tunakagua, tunapekua, na kupekua tulijifunza kwa kuku na kucha zake. Nyinyi vijana mmeona utajiri huo hauwatoshi, mkajiletea "kusachi". Nimelipigia mstari mara nne katika barua yako. Sitaki kuliona tena.

Kwa hiyo, yule aliyezifasiri kanuni za kiwanda akaandika "ukaguzi" hakusema uongo. Ukaguzi umo ndani ya neno lile kama chumba kimoja kilivyo ndani ya nyumba. Wajumbe wakiniuliza, nitalazimika kusema hivyo, na hakutakusaidia. Shauri langu ni kwamba uiache kesi hii. Urudi nyumbani kwa mama yako, ushone nguo za majirani. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nakurudishia barua yako pamoja na masahihisho. Una makosa kumi na moja. Mwaka jana yalikuwa sita.

Mjomba wako

*

9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu imerudi nyumbani inavuja damu. Makosa kumi na moja, sawa. La kumi na mbili ni kukuandikia wewe.

Nimekuomba mkono umenipa mbuzi wa Kilatini. Sasa sikiliza, maana naona hujanielewa, au mimi ndiye sikusema wazi kwa aibu. Safari hii nasema.

Mimi nashona kola. Kola mia nne kwa siku, zikipungua nasimama mbele ya msimamizi kama mtoto wa shule. Saa kumi na moja kengele ikilia, wanawake mia mbili na kitu tunapanga foleni kwenye kibanda cha mbao kando ya geti. Ndani yuko mama mmoja tunamwita Mikono Baridi. Zamani alikuwa anafungua mkoba, anachungulia kopo la chakula, anasema "pita." Februari likapotea boksi moja la vifungo. Toka siku hiyo ameamriwa atuvue. Blauzi, sidiria, kila kitu, mpaka chini. Na kile kibanda mlango wake hauna komeo, unajifungua wenyewe, na wanaume wa zamu ya jioni wanaingilia hapo hapo. Wengine wanainamisha macho. Wengine wana mzaha: "Leo wamepata vifungo vingapi?"

Nilivumilia wiki tatu. Ndiyo, wiki tatu, usiniulize kwa nini. Siku ya mwisho nikamwambia, "Mama, shika huo mlango kwanza." Akanijibu, "Mlango si kazi yangu, mwanangu. Kazi yangu ni wewe." Nikafunga vifungo vyangu nikatoka. Asubuhi kadi yangu haikuwepo kwenye ubao.

Wanasema nimevunja kanuni ya kumi na tisa. Hii hapa, neno kwa neno, kutoka kwenye kitabu tulichowekea sahihi: "Hapana budi kila mfanyakazi akubali ukaguzi wa vifurushi vyake atokapo kazini." Vifurushi, Mjomba. Mimi si kifurushi.

Ila kwenye kitabu cha Kiingereza, ambacho hatukuwahi kuonyeshwa, lipo hilo neno lako la kuzunguka, na mbele yake imeandikwa mwili na mali. Katibu wa baraza amenieleza vizuri. Kama tofauti hiyo ni kosa la bahati mbaya la mfasiri, Kiingereza kinashinda na mimi sina kazi. Kama kampuni ilijua kwamba inatusainisha kitu kingine, kanuni inaanguka, narudi kwenye cherehani yangu, na kile kibanda kinafungwa kwa wote. Kesi nzima ni hapo tu.

Na unajua mwanasheria wao alisema nini kwenye kikao cha matayarisho? Alisema huku anacheka: "Waheshimiwa, kampuni ilimchukua mwalimu mmoja wa vichochoroni, asiyejua Kiingereza sawasawa, akatuharibia hati. Maskini hakujua tofauti ya mwili na mzigo! Wakubwa wetu hawasomi Kiswahili, wangejuaje?" Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa hasira.

Ndiyo maana nakutaka wewe. Sitaki asili ya neno. Nataka mtu aliyesoma asimame awaambie kwamba hakuna mfasiri, hata awe mbumbumbu kiasi gani, anayeweza kuusahau mwili kwa bahati mbaya.

Mpwa wako

*

14 Juni

Mpwa wangu,

Mwalimu wa vichochoroni! Asiyejua Kiingereza sawasawa!

Mwambie mwanasheria huyo kwamba mfasiri wa kanuni zile aliijua tofauti ya mwili na mzigo kabla yeye hajaota meno. Mwambie kwamba katika rasimu ya kwanza kanuni ya kumi na tisa ilisomeka "upekuzi wa mwili na mali", haikupungua wala haikuzidi, na ni ofisi yao wenyewe iliyoirudisha kwa wino mwekundu ikidai neno laini. Mbumbumbu, unasema nawe! Mtu aliyefasiri kanuni arobaini kwa siku tisa bila kukosea hata nukta anaitwa maskini mbele za watu, na watu wanacheka, na wewe, uliyejifunza kusoma mezani pangu, unacheka pamoja nao!

Hivi ndivyo walivyo watu hawa. Humtumia msomi kama kitambaa cha kufutia meza, kisha humlaumu kwa uchafu. Wangalinyamaza, wangalisema hawakumbuki, mtu angeyameza. Lakini kumwita mjinga! Ujinga ni wa nani, wa aliyeandika au wa aliyefuta?

Shauri langu ni lile lile. Iache kesi. Siisomi tena barua hii kabla ya kuifunga, jambo nisilolifanya kamwe, lakini dereva wa lori la mbao anapiga honi nje na ndiye atakayekuletea.

Mjomba wako

*

18 Juni

Mjomba,

Nani alikwambia kwamba kulikuwa na rasimu ya kwanza?

Nimeisoma barua yako mara tano. Mimi sikulijua hilo. Katibu wa baraza halijui. Mwanasheria, kama analijua, amelimeza. Wewe uliye mbali mwendo wa siku nzima unajua rasimu ilisema nini, nani aliirudisha, na hata rangi ya wino. Unajua siku zilikuwa tisa. Unajua kanuni ni arobaini, na mimi sikukuandikia ni ngapi.

Basi nikakitoa kitabu, nikakisoma kama ulivyonifundisha, kidole chini ya kila mstari. Hapana budi mfanyakazi. Hapana budi msimamizi. Hapana budi, mara ishirini na tatu. Nani duniani bado anaandika hivyo? Kiwandani kitabu hicho kina jina, unajua? Tunakiita Bwana Hapanabudi. Mtu akichelewa tunamwambia, "Leo Bwana Hapanabudi atakula na wewe." Miaka mitatu nimecheka na wenzangu, kumbe namcheka mjomba wangu.

Halafu nikakumbuka saa. Ile ya ukutani sebuleni kwako, uliyosema umepewa na shule siku ya kustaafu, yenye kibandiko cha ua usoni mwake. Likizo moja nilitaka kukibandua ukanipiga kofi la mkono, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Nikashangaa, ua la nini la kupigania hivi? Ofisi ya utumishi pale kiwandani ina saa hiyo hiyo, Mjomba, ndugu wa tumbo moja. Pale penye ua lako, yao ina nembo ya kiwanda, sindano na uzi.

Sasa nakumbuka na barua ya sifa. Nilipoomba kazi ulikaa nayo wiki mbili, ukaniandikia. "Binti huyu ana adabu, bidii na uaminifu, hapana budi aajiriwe." Ulijua kuna geti. Ulijua kitabu cha Kiingereza kinasema nini kuhusu geti hilo. Ukanisukuma humo kwa mwandiko mzuri.

Na bado ulithubutu kunitumia mbuzi na zizi.

Wewe ndiye uliyenifundisha: usitupe kamwe rasimu ya kwanza, maana ndiyo shahidi wa mwandishi. Najua hujaitupa. Iko kwenye kabati la kioo, rafu ya chini, imefungwa kwa kamba ya katani. Naitaka tarehe tisa. Naitaka mkononi mwako, nawe mwenyewe umeishika.

Mpwa wako, binti wa vifurushi

*

27 Juni

Kaka,

Naandikiwa na jirani yangu muuza maandazi, maana mimi kalamu nimeishikia uzeeni na haraka sina ya kuchora herufi moja kwa dakika tano. Yeye ataandika ninavyosema. Nimemwapisha.

Siku tisa hujamjibu mtoto. Amekuja hapa na barua zako zote, akanisomea kitako kimoja kuanzia asubuhi. Kaka, mimi nilikuwa nakuogopa. Toka tukiwa wadogo nilikuogopa, kwa sababu ulijua kila kitu na mimi sikujua kitu. Watu wakiuliza mambo yetu, nasema, "Ngojeni nimuulize kaka." Leo nakwambia wewe ni mnafiki. Jirani anasema neno hilo kali, tuliweke lingine. Liache hapo hapo. Tumeshachoka na maneno laini.

Unajua mtoto alinificha? Alirudi likizo ya Pasaka akawa anaoga na nguo yake ya ndani. Nikamtania, "We, umeolewa na maji?" Hakucheka. Mimi mama yake nilidhani ni mambo ya utu uzima. Kumbe ni kanuni ya mjomba wake.

Usiniletee Kilatini. Usiniambie walikulazimisha, maana sijasikia ulilazimishwa kwa lolote tangu uzaliwe; hata mke ulikataa uliyechaguliwa. Wewe ulitaka, ukafanya.

Tarehe tisa nitakuwa pale barazani, nimevaa lile gauni la kijani. Nikikuona nitakupa mkono kwa sababu umenitangulia ziwa la mama. Nisipokuona, tusizikane.

Jirani anauliza aandike nini mwisho, salamu au wasalaam. Nimemwambia asiandike kitu.

Dada yako

(Mimi mwandishi nakusalimu, Mwalimu. Ulinifundisha darasa la tano. Uliniambia sitafika popote kwa sababu ya mwandiko.)

*

2 Julai

Mpwa wangu,

Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara saba, na kila nilipoifikia sentensi ya pili nilijikuta naeleza. Nitajaribu kutoeleza zaidi ya inavyokupasa kujua.

Homa sikuwa nayo. Miwani yangu ni nzima. Siku zile arobaini na moja nilikuwa naikalia barua yako kama mtu anayekalia kaa la moto akisema hasikii moto. Niliyokuandikia juu ya asili ya neno ni kweli yote, na huo ndio ubaya wake. Nilikupa ukweli wa miaka elfu ili nikunyime wa miaka sita.

Miaka sita iliyopita mkuu wa utumishi wa kiwanda alikuja kwangu kwa gari. Alikuwa mwanafunzi wangu, nilimfundisha insha. Akanipa kanuni za Kiingereza, akasema, "Mwalimu, Kiswahili cha hapa mjini kimeoza, tunataka chako." Unajua kwamba kitabu changu cha sarufi kimerudishwa na wachapishaji watatu. Huyu alisema kazi yangu itapigwa chapa, jalada gumu, nakala elfu. Nilifanya kazi siku tisa. Nilipofika kanuni ya kumi na tisa niliandika kilichokuwepo. Sikusita hata kidogo. Wiki moja baadaye rasimu ikarudi, na kando ya kanuni hiyo, kwa wino mwekundu ambao mimi ndiye niliyemfundisha kuutumia, ameandika: "Mwalimu, hili litawatisha wanawake, hawatasaini. Mwili utoke. Tutafutie neno laini." Na sahihi yake, na tarehe.

Nikalitafuta. Nililipata kabla chai haijapoa. Nilijua ninalofanya, na sitaki uwaambie watu kwamba mjomba wako alidanganywa. Nilijisemea kwamba hizo ni karatasi, kwamba karatasi hazivui watu. Walinipa saa kwa shukrani. Kitabu kilipotoka nililala nacho chini ya mto kama mtoto wa sikukuu. Baada ya miaka mitatu ukaniomba barua ya sifa. Nikikukatalia, utauliza sababu. Nikaona ni afadhali nikupeleke getini kuliko nikwambie sababu. Andika hivyo hivyo mahali fulani, usije ukasahau siku utakapokuwa na huruma.

Mama yako amesema kweli katika kila mstari.

Na hasira yangu ya tarehe 14, ikiwa unataka kujua, haikuwa kwa ajili yako. Mtoto wa dada yangu aliniandikia kwamba alivuliwa nguo mlango ukiwa wazi, nikapita hapo kama anayepita kibao cha barabarani; nikaenda kusimama penye neno "vichochoroni". Nimeitambua hasira hiyo sasa.

Rasimu ninayo, mahali pale pale ulipotaja. Sitaituma kwa posta wala kwa dereva wa lori. Siahidi lolote kuhusu tarehe tisa, kwa maana nimekuwa mwepesi wa maneno na sitaki kuongeza. Wanafunzi wangu wamo katika kila ofisi ya mji huo. Wote waliniita Mwalimu Nukta kwa sababu sikumsamehe mtu nukta. Ninajua watakavyonitazama. Ni mimi niliyewafundisha kutazama hivyo.

Barua yako ya tarehe 18 sikuirudisha. Niliipitia na kalamu mkononi, kwa mazoea. Haikuwa na kosa.

Mjomba wako

*

12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama amekaa hapa ananichungulia begani.

Hukutuona. Tulikuwa juu ya ngazi, mimi na mama na wenzangu tisa waliothubutu kuja. Tulikuona ukiingia na kanzu yako ya Ijumaa na kile kikapu cha sokoni. Mlinzi akakusimamisha. Akatega sikio. Akasema kwa sauti ya ukumbi mzima, "Mzee, kikapu chako kinalia." Ukamwambia, "Ni saa." Akasema, "Wote husema ni saa."

Wakakisukuma kikapu nje kwa fimbo ndefu. Wakakuambia unyanyue mikono, ukanyanyua. Wakakuta una bahasha tumboni chini ya kanzu, wakakwambia upandishe kanzu, na wewe ukaipandisha, pale pale, mlango wa barabarani uko wazi, mwanamke mwenye kapu la machungwa amesimama anatazama. Ulikuwa na fulana yenye tundu. Mlinzi akakuzunguka. Akapapasa. Akakuzunguka tena.

Ulinieleza asili ya hilo neno, Mjomba. Hukunieleza anayezungukwa anatazama wapi. Wewe ulitazama juu, kwenye taa. Mimi kwa Mikono Baridi nilikuwa natazama msumari mmoja wa ukutani. Naujua ule msumari kuliko uso wangu.

Nilitaka nifurahi. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeiombea siku hiyo. Nikasema moyoni, onja. Halafu miguu ikanitoka yenyewe kushuka ngazi, na kabla sijafika mama alikuwa ameshanipita na gauni lake la kijani, anapiga kelele, "Fungeni mlango! Huyo ni mtu!" Hapo ndipo ulipogeuka. Alikupa mkono kama alivyoahidi. Mimi sikukupa. Nadhani uliona.

Ndani ulisema vizuri. Sikupunjii hilo. Ulipoiweka rasimu mezani mkuu wa utumishi aliutazama mwandiko wake kama mtu aliyekutana na mdai wake msibani. Mwanasheria akainuka: "Kwa hiyo, mzee, unakiri kwamba wewe ndiye uliyewadanganya wanawake mia mbili?" Ukasema, "Ndiyo. Na kwa Kiswahili safi." Hakucheka mtu. Akasema, "Basi leo tukuamini kwa nini?" Ukasema, "Msiniamini mimi. Someni wino mwekundu." Na ile saa yako, waliyokurudishia baada ya kuikagua, kibandiko cha ua umekibandua, sindano na uzi wazi, ikagonga saa tano katikati ya swali lake la pili, akapoteza mahali alipokuwa.

Ukatoka. Ukapanda basi bila kuaga. Saa umeiacha mezani kwa katibu, na sasa katibu ananiuliza mimi niichukue lini. Sitaichukua.

Usidhani yamekwisha. Tulipotoka nje wenzangu wakaniuliza, "Bwana Hapanabudi ni mjomba wako?" Nikasema ndiye. Yupo mmoja anashona mikono ya mashati. Februari alikuwa na mimba ya miezi saba, na walimvua hivyo hivyo, akishikilia ukuta kwa mkono mmoja. Akanisogelea taratibu akaniuliza, "Na wewe ulijua?" Nikasema hapana. Sijui kama aliniamini. Mtu huyo ana haki ya barua yako kuliko mimi. Mwandikie. Usimpe mbuzi. Anwani yake nimeiweka kwenye karatasi ya pili.

Baraza limesema litatoa uamuzi wake baada ya wiki tatu. Katibu alinitupia jicho la heri wakati anafunga jalada, lakini jicho si hati. Uamuzi mwingine ni wangu, juu yako, na huo haujapangiwa siku. Asubuhi nakusamehe, nikifika kwenye ile fulana yenye tundu nalia, halafu naukumbuka msumari, naanza upya. Kati ya maamuzi hayo mawili, lolote litakalotangulia, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kabla ya hapo usije, na barua hii usinirudishie. Ikiwa ina makosa, kaa nayo.

Mpwa wako